Shokapu za Land Rover 109 ya zamani, kwa Mwanza napata wapi za bei inayolipika?

KijanaWaNyegezi

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naomba msaada kwa yeyote anayezijua Land Rover za zamani. Nina Series III ile ndefu, 109, ya mwaka 1978, injini ya petroli. Ni gari ya mzee wangu, aliinunua mnadani enzi hizo ikiwa imetoka kwenye kazi ya kununua pamba huko Magu, na sisi wote nyumbani tumekulia ndani ya hiyo gari, kwaiyo wale wa kuniambia niuze chuma chakavu ninunue Noah naomba mnisamehe, haiuzwi.

Shida ni shokapu. Gari ikipita tuta kwa nyuma inaendelea kunesa kama mtumbwi uliopitwa na boti, alafu kwenye rafu rodi tairi la nyuma kushoto unalisikia kabisa linadundadunda, na mzee mgongo unamuuma kila tukitoka shamba Sengerema. Fundi kaangalia kasema zote 4 zimekufa. Nimezunguka maduka ya spea kuanzia Mabatini mpaka mjini, wengi wanasema hizo hatuleti tena. Mmoja kaniambia anaagiza, 180,000 kwa moja, yani 720,000 kwa gari zima, hiyo sina. Mwingine kaniuzia mbili akasema za Land Rover ni zile zile, kufika gereji kumbe ni za Defender, ile Land Rover ya baadae, hazikai, na kurudisha amekataa. Sasa kuna fundi anasema anaweza kutoboa hizi za kwangu, anajaza oili, anachomelea tundu, elfu 20 kila moja. Nifanye hivyo? Au kuna shokapu ya gari nyingine inayoingia? Naombeni mwongozo.

fundi_wa_Igoma

Kijana usitoboe. Nakuomba sana usitoboe.

Ndani ya shokapu kuna pistoni yenye vitundu vidogo na vivalvu, oili inalazimishwa kupita pale ndo unapata ule ugumu. Oili yake ni nyepesi. Huyo fundi atakujazia oili ya injini ambayo ni nzito, haipiti vizuri, siku mbili tatu utaona gari imekua ngumu utafurahi, alafu sili ambayo ilishakufa tangu mwanzo itaitema yote chini utabaki ulipokua. Na hapo nazungumzia shokapu ya oili tupu, ikitokea mtu kakufungia ya gesi siku za nyuma na wewe hujui, ukiipelekea moto wa kuchomelea inaweza kulipuka mkononi mwa fundi. Nimeshaona mtu kaungua uso kwa jambo kama hilo, sio hadithi.

Za Defender kutokaa ni kweli. Defender inatumia springi za koili, yako ni zile za bapa zilizopangana, vishikio vya shokapu havifanani. Yako inatakiwa iwe na tundu juu na tundu chini, mpira ndani, washa na kotapini.

Ila kabla hujatoa hata shilingi, nani kakwambia zote 4 zimekufa na kapimaje? Kama alikandamiza bampa akaangalia inanesa mara ngapi, kwa gari ya springi za bapa kipimo hicho hakina maana, zile bapa zinasuguana zenyewe na zikishika kutu gari hainesi hata bila shokapu. Fanya hivi, panda gari nenda nayo rafu rodi kama nusu saa, siyo lami. Ukisimama tu ingia chini ushike moja moja kwa kiganja, taratibu usije ukashika ekzosi. Shokapu inayofanya kazi inapata joto kwa sababu ile oili inahangaika humo ndani, iliyokufa inakua baridi kama imelala. Alafu uje utuambie.

Kanyigo_85

Mi niko Bukoba mkuu, nilikua na Series III 88, ile fupi, nikapata shokapu Kampala, soko la spea la Kisekka, nilienda kwa Mutukula nikalala siku moja nikarudi. Land Rover za zamani Uganda bado zipo nyingi na pale vitu vipo. Lakini nakushauri ufungue macho. Kuna za zamani zinasafishwa zinapigwa rangi nyeusi zinang'aa, mtu anakuuzia kama mpya. Mi nilichojifunza, ivute mpaka mwisho, kile chuma cha ndani ile nikeli yake ipitishie ukucha taratibu mzunguko mzima, ukucha ukikwama kwenye kitundu cha kutu achana nayo hata akikupa kwa nusu bei, kile kitundu ndo kinachana sili. Na angalia kwenye zile tundu za mpira, ukikuta rangi imepakwa mpaka juu ya mpira ujue hiyo ilikua chini ya gari ya mtu jana. Ukivuka nazo mpaka lipia ushuru ukae na risiti, usisumbuliwe njiani.

Mama_Kirumba

Arusha umejaribu? Mdogo wangu anafanya kazi na magari ya watalii kule, Land Rover bado zipo kibao, si mliona lile tamasha la Land Rover 2024 magari yalivyojaa. Mnatumiana picha, unalipa, mzigo unapanda basi unaupokea stendi. Mi hupokea vitu hivyo Nyamhongolo kila mara.

KijanaWaNyegezi

Wabeja sana wote. Fundi nimefanya ulivyosema, leo asubuhi nimeenda nayo hadi Kisesa nikaacha lami nikaingia ndani ndani huko kama dakika 40. Nimesimama chini ya mwembe nikaingia uvunguni. Mbele kulia moto, mbele kushoto moto kidogo kupungua. Nyuma zote baridi kabisa, ya kushoto ina vumbi limegandamana na oili kama ugali wa mtama kuanzia katikati kushuka chini. Kwaiyo ni 2 sio 4!!

Ila nimeona kitu kingine, zile bapa za springi ya nyuma zina kutu mpaka zimeshikana, kati ya bapa na bapa huoni hata mstari.

fundi_wa_Igoma

Hapo sasa tunaongea. Na huo mgongo wa mzee kwa asilimia kubwa ni hizo springi siyo shokapu. Bapa zikishikana kwa kutu gari inakua kama mkokoteni, kila jiwe linampiga aliyekaa, sasa mtu akikufungia shokapu ngumu juu yake mzee ataumia zaidi ya sasa na pesa imeenda. Springi kwanza. Weka jeki kwenye chesisi, siyo kwenye ekseli, weka na stendi imara au magogo, jeki peke yake usiiamini. Toa springi, kata ile bolti ya katikati, tenganisha bapa zote, zipige brashi ya waya mpaka chuma kionekane, paka grisi, rudisha, bolti ya katikati weka mpya. Ni kazi ya siku nzima na utachafuka kweli. Bapa yenye ufa usirudishe. Na zile bolti za kwenye bushi za springi, ile mipira ya kwenye macho ya springi, usizikaze gari likiwa juu, zikaze likiwa limekaa chini kwa uzito wake, vinginevyo ule mpira unakua umesokoteka muda wote na hautafika mbali.

Ukimaliza hapo ndo upime shokapu. Usiende dukani ukataja Land Rover, ukitaja tu jina bei inapanda au wanasema hamna. Nenda na vipimo. Gari ikiwa imesimama chini pima kati ya kishikio cha juu na cha chini. Alafu inua chesisi mpaka tairi lining'inie, pima tena, shokapu yako ikivutwa lazima ifike hapo na izidi kidogo. Alafu pima nafasi iliyobaki kati ya ekseli na ule mpira wa kugonga chini ya chesisi, shokapu ikibonyea isifike mwisho kabla ekseli haijagonga ule mpira, ikitangulia inang'oa kishikio au inapasuka yenyewe. Na unene wa pini za vishikio vyako zinazoingia kwenye tundu la shokapu. Hivyo vipimo andika kwenye karatasi. Mi kuna mteja wa Buswelu tulimfungia za pikapu ya Kijapani, urefu ulikubali, tundu lilikua kubwa kuliko pini, tukakerezewa bushi Nyakato, mpaka leo anatembea nazo mwaka wa tatu huu.

Otieno_wa_Dunga

Salamu kutoka Kisumu upande huu wa ziwa. Naongezea tu, ukiagiza sema wazi ni 109, za 88 ni tofauti na watu wengi huchanganya. Lakini habari njema ni kwamba Series II, IIA na III zenye urefu sawa huchukua shokapu zile zile, kwa hivyo usikatae mtu akikuambia ana za IIA. Hapa Kenya Land Rover zilikuwa zikiunganishwa Thika kwa hivyo spea zake hazikupotea. Nairobi uliza Kirinyaga Road, wazee bado wanaiita Grogan. Mimi nilichukua za Uingereza zile za bei ya chini zinazotengenezwa upya kwa ajili ya magari haya, sio za kampuni ya gari yenyewe, na zimenitosha kabisa kwa barabara ya Bondo na mizigo ya samaki.

Jambo moja ambalo hakuna aliyenieleza. Shokapu mpya ya oili ikilala dukani kwa ubavu hewa huingia pahali pa oili. Kabla hujafunga isimamishe wima kama itakavyokaa kwenye gari, uivute yote na kuisukuma yote, pole pole, mara sita saba, mpaka usikie ugumu ni ule ule mwanzo hadi mwisho bila pahali palipo tupu. Mimi nilirudisha mbili nikidhani ni mbovu, kumbe ilikuwa hewa tu.

KijanaWaNyegezi

Wakuu narudisha mrejesho, samahani nimechelewa wiki mbili.

Springi tumetoa mimi na mdogo wangu, siku moja haikutosha, tulimaliza kesho yake jioni. Kati ya bapa tumekuta kutu inatoka kama maganda, tumejaza nusu ndoo sio utani. Bapa moja upande wa kushoto ilikua na ufa, nimepata nyingine ya mtumba hapa hapa Mwanza kwa 25,000. Siku tuliyorudisha, kabla hata ya shokapu, mzee mwenyewe kaingia kakaa kaniambia endesha, tumezunguka mpaka Mkuyuni na kurudi, hakusema kitu ila aliposhuka alienda kuangalia springi kwa tochi.

Shokapu za nyuma mbili nimepata Arusha kupitia mdogo wake Mama Kirumba, Mungu ambariki, 95,000 kwa moja pamoja na mipira yake, nauli ya basi 10,000. Picha ya chuma cha ndani alinitumia ikiwa imevutwa mpaka mwisho kama alivyosema Kanyigo. Nimesimamisha nikapampu, kweli mwanzoni kuna pahala ilikua inaingia bila ugumu wowote, mara ya tano ikakaza. Zile za Defender bado ninazo ndani, mwenye Defender aje inbox nampa kwa bei ya hasara.

Jumamosi tumeenda Sengerema, tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kukaa kwenye foleni ya kivuko, safari yote mzee kalala. Tulipotoka kwenye vumbi la shambani nimesimama nikaingia chini kushika, zote 4 zina joto.

Swali moja limebaki, nyuma kulia nikikata kona kali nasikia mlio kama mlango wa mbao, kwii, siyo kwenye shokapu nadhani ni bushi ya springi, hizo bushi zinatolewa kwa presi au kuna njia ya kuzitoa nyumbani?

fundi_wa_Igoma

Unaitoa nyumbani. Choma ule mpira utoke kwanza, fanyia nje moshi wake mbaya, alafu lile bomba la chuma linalobaki likate kwa msumeno mstari mmoja kwa ndani, taratibu usile jicho la springi, litalegea lenyewe uligonge litoke. Kuingiza mpya ndo uje gereji tutumie presi, usigonge na nyundo.