Miche ya nyanya ikishahamia shambani: keni, chupa, mtungi au dripu?

Shina_Nene:
Habari za jioni wadau. Miche yangu ya nyanya iko kwenye trei, imeshatoa majani matano hadi sita ya kweli (yanayofuata yale mawili ya mbegu) na shina limeanza kukaza. Wiki hii nataka kuihamishia shambani. Shamba lenyewe ni dogo: upande wa juu ni kichanga, upande wa chini ni mfinyanzi unaoshika maji sana.

Njia ninazoweza kuzimudu ni nne: keni (chombo cha kumwagilia kwa mkono), chupa za plastiki zilizotobolewa na kufukiwa, mitungi ya udongo, na dripu (mipira yenye matundu yanayodondosha maji tone tone). Sishindanii ipi ni ya kisasa. Ninachotaka ni maji yafike kwenye mizizi na mche ushike mapema. Aliyetumia zaidi ya njia moja anieleze tofauti aliyoiona.

BiMboga:
Ndugu, kwa siku za mwanzo mimi sina njia ninayoiamini kuliko keni, ila toa kile kichwa chenye matundu. Ukinyunyiza kwa juu unalowesha majani, udongo unarukia majani ya chini, na hapo umeufungulia mlango bakajani, ugonjwa wa mabaka kwenye majani. Isitoshe ardhi inaonekana imelowa kumbe ni sentimita mbili tu za juu.

Ninavyofanya ni hivi. Namwagilia trei saa chache kabla ya kuhamisha ili bonge la mizizi litoke zima. Natia maji kwenye shimo, nayaacha yanywewe, ndipo naweka mche. Naufukia mpaka karibu na majani ya kwanza ya kweli, kwa sababu shina la nyanya likiwa chini ya udongo hutoa mizizi mipya. Mche uliorefuka kupita kiasi naulaza kwenye kijifereji, ncha ikitazama juu. Baada ya siku chache inanyooka yenyewe. Halafu natengeneza kibeseni cha udongo kuzunguka shina na kumimina polepole kama nusu lita. Maji hayo ndiyo yanayoshindilia udongo kwenye mizizi na kuondoa mianya ya hewa. Usikanyage kwa mguu wala kubana kwa ngumi.

Haya yote yafanyike jioni au siku ya mawingu.

Laini_ya_Matone:
Nakubaliana na BiMboga kuhusu shimo na kina, lakini mimi ni mtu wa dripu na nitaitetea. Majani yanabaki makavu, kila mche unapata kiasi kilekile, na unaweza kupima. Tundu likitoa lita 2 kwa saa, dakika 15 zinakupa nusu lita ileile ya keni, na inaingia taratibu bila kukimbilia pembeni.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wengi wanaofunga dripu hawaambiwi, na ndilo linaloua miche mingi. Bonge lililotoka kwenye trei ni la kokopiti (unga wa maganda ya nazi) au mboji laini, na udongo unaolizunguka ni kitu kingine kabisa. Maji hayahami kirahisi kutoka udongo wenye chembe ndogo kwenda kwenye bonge lenye matundu makubwa. Kwa hiyo ardhi ya pembeni inaweza kuwa imelowa vizuri, ukiishika inaacha tope mkononi, huku bonge ndani yake limekauka kwa sababu mche unalinyonya mchana kutwa na halijazwi upya. Mkulima anaona ardhi mbichi, mche unanyauka, anasema ni ugonjwa. Achimbue mmoja na kulipasua lile bonge kwa vidole: atakuta katikati ni vumbi.

Dawa yake ni kuweka tundu la dripu juu ya bonge lenyewe, kando kabisa ya shina, kwa wiki ya kwanza au zaidi kidogo. Mizizi ikishatoka kwenye bonge, sogeza laini (mpira wa dripu) sentimita 10 hadi 15 pembeni ili mizizi itafute maji nje na shina lisikae kwenye unyevu muda wote. Pia hakikisha ukingo wa juu wa bonge umefunikwa na udongo kidogo. Ukiachwa wazi, unavuta unyevu kwenda juu na kuupoteza hewani.

Na chujio liwepo. Bila chujio matundu yanaziba, na mche mmoja mmoja unakufa kimya kimya katikati ya mstari.

Mtungi_Mmoja:
Naona mtungi haujapata mtetezi. Njia hii ni ya kale, Uchina waliitumia zaidi ya miaka 2000 iliyopita, na inafanya kazi kwa sababu rahisi: mtungi wa udongo uliochomwa bila kupakwa rangi wala kung'arishwa una vitundu vidogo sana, na udongo wa nje ukikauka unavuta maji kupitia humo. Udongo ukishiba, uvutaji unapungua. Mmea wenyewe ndio unaoamua kasi.

Lakini nisikudanganye ndugu yangu: kwa mche mchanga mtungi peke yake hautoshi. Mizizi bado haijafika kwenye eneo lililolowa, hasa kwenye kichanga chako ambako unyevu hausambai mbali kutoka kwenye ukuta wa mtungi. Ufukie siku ileile unayopanda (ukija kuchimba baadaye utakata mizizi), mdomo ubaki juu na uwe na kifuniko, kisha endelea na keni mpaka mche ushike. Baada ya hapo mtungi utakutunzia nyanya hata ukikosa nafasi siku mbili. Maji yako yakiwa na chumvi, vitundu vitaziba taratibu. Usugue msimu ukiisha.

Jembe_Jipya:
Chupa nimezitumia. Ni bora kuliko kunyunyiza juu, lakini nina malalamiko mawili. Kwenye kichanga chupa inamaliza maji ndani ya muda mfupi na yote yanashuka chini, kwenye mfinyanzi matundu yanaziba kwa tope. La pili, mizizi inajaa upande wa chupa tu. Ukiamua kuzitumia, toboa matundu madogo na machache, zungushia kitambaa chepesi, na uiegemeze ielekee kwenye mizizi badala ya kuisimamisha mbali.

Swali langu: mbona hamzungumzii kupitisha maji mferejini?

Laini_ya_Matone:
Jembe_Jipya, mfereji unatumia maji mengi, na mnyauko wa bakteria unasafiri na maji ya mfereji kutoka mche mmoja hadi mwisho wa mstari. Kwa shamba ambalo limewahi kuwa na mnyauko huo, sishauri.

Shina_Nene:
Asanteni sana. Nimeelewa upande wa kichanga. Upande wa mfinyanzi ndio unanitia hofu. Nikimwagilia kila siku si nitaozesha mizizi?

Udongo_Mzito:
Hofu yako ni ya haki. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na mfinyanzi ukijaa maji hewa inatoka. Mche uliozama unanyauka sawa na mche wenye kiu, kwa hiyo mtu anaona unyauko, anaongeza maji, na kuumalizia kabisa.

Kipimo changu ni kidole. Kichomeke kando ya bonge, na kingine sentimita 10 pembeni. Bonge likiwa kavu na pembeni pabichi, mpe maji kidogo juu ya bonge tu, kikombe kimoja kinatosha. Kote kukiwa pabichi, muache. Angalia pia saa ya kunyauka: mche unaolegea saa saba mchana na kusimama tena jioni bado unajijenga, hauna shida. Ukiukuta umelegea alfajiri, hapo kuna tatizo la kweli na lazima uchimbe uone.

Kwenye mfinyanzi pandisha matuta. Kwenye dripu, mfinyanzi unasambaza maji kwa upana, kichanga kinayashusha wima, kwa hiyo matundu ya upande wa juu yawe karibu karibu zaidi, na umwagilie kidogo lakini mara nyingi. Upande wa chini, mara chache na kwa muda mrefu zaidi.

BiMboga:
Hapo kwenye "mara chache" naomba tusimchanganye ndugu yetu. Wiki ya kwanza, hata kwenye mfinyanzi, bonge liangaliwe kila siku. Baada ya mche kushika ndipo unaachanisha siku na kumwagilia kwa kina, maana nyanya iliyokomaa huchukua sehemu kubwa ya maji yake kwenye sentimita 50 hadi 70 za juu za udongo. Ukiizoesha maji ya juu juu, mizizi haitashuka.

Na usiache udongo ukauke kabisa kisha uufurishe, hasa matunda yakianza. Kuoza kitako cha tunda mara nyingi hutokana na hilo: kalisi (madini ya kalsiamu) husafiri na maji, maji yakikatika tunda halipati kalisi hata kama ipo ardhini.

Matandazo weka, ila yakae mbali na shina kama upana wa vidole vitatu. Mbolea ya kupandia ichanganye na udongo wa shimo, isiguse mizizi moja kwa moja, itaiunguza. Na kama miche yako imebebeshwa (imeunganishwa juu ya shina la aina nyingine yenye ukinzani wa magonjwa), sahau nilichosema juu ya kufukia shina: kiungo kibaki juu ya udongo, la sivyo sehemu ya juu itaotesha mizizi yake na utapoteza ukinzani ulioulipia.

Shina_Nene:
Haijabebeshwa. Basi nitafanya hivi: keni kwa mkono kwa miche yote mpaka ishike, laini za dripu nizitandaze kabisa upande wa kichanga na matundu yakae juu ya bonge, upande wa mfinyanzi nipandishe matuta na nijaribu mitungi michache. Chupa naziacha. La mwisho: nitajuaje kwamba mche umeshika, ili nisogeze laini?

Udongo_Mzito:
Jani jipya katikati ya ncha, lenye rangi changa kuliko mengine, likianza kufunguka na kukua siku hadi siku, mizizi imeanza kazi. Kisha shika shina chini kwa vidole viwili na uvute taratibu sana. Mche ambao haujashika bonge lake linacheza ndani ya shimo. Ulioshika unakataa. Ukiwa bado na wasiwasi, fukua kwa kijiti upande mmoja tu wa bonge: ukiona mizizi myeupe imetoka na kuingia kwenye udongo wa shamba, sogeza laini siku hiyohiyo na urudishie udongo.