Tupeane uzoefu: Ulipohama Windows kwenda Linux, ulikwama wapi?

Mwanzisha mada, Himbi, Goma

Ndugu zangu, tangu Microsoft ilipohitimisha huduma zake kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wetu tumebaki na kompyuta nzima ambazo Windows 11 inazikataa. Inadai kuwepo kwa TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au cha baadaye, ilhali yangu niliyoinunua mtumba ni ya kizazi cha tano. Nimehamia Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Naomba kila aliyehama asimulie pia kilichomkwamisha, kwa maana sifa tumekwisha kuzisikia.

Mimi nilikwamishwa na kibodi. Mashine zetu nyingi, kama mjuavyo, zina kibodi ya Kifaransa, AZERTY. Wakati wa kusakinisha niliharakisha, kwa kuwa betri ilikuwa imechoka na umeme haukuwa wa kutegemewa siku hiyo, nikaupita ukurasa wa kuchagua kibodi bila kuusoma. Mfumo ukabaki na mpangilio wa Kiingereza. Neno langu la siri nililitaka liwe «amaniziwani». Kwa kuwa herufi za neno la siri huonekana kama vitone tu, sikugundua kwamba kila nilipobonyeza A mfumo uliandika Q, M ikawa nukta-mkato, na Z na W zikabadilishana nafasi. Niliingia bila shida, nikarekebisha kibodi iwe ya Kifaransa, nikaenda kunywa chai. Niliporudi skrini ilikuwa imejifunga, na neno langu likakataliwa mara sita. Ilinibidi nichore vitufe kwenye karatasi, kidole baada ya kidole, hadi nikapata neno nililokuwa nimeliandika kweli: «q;qniwizqni». Nikaliandika hivyo hivyo, mlango ukafunguka.

Mchangiaji, Kadutu, Bukavu

Pole sana, ndugu wa Goma. Mimi nina duka la kuchapa na kutoa nakala karibu na soko, na kilichonihamisha ni virusi vya flashi za wateja. Mwanafunzi analeta kazi yake ya mwisho wa masomo, unafungua flashi unakuta vijia vya mkato (shortcut) tu, mafaili yenyewe yamefichwa. Kwenye Linux vijia hivyo havifanyi lolote na mafaili yaliyofichwa yanaonekana wazi, kwa hiyo sasa wengine huniletea flashi niwaokolee tu.

Tatizo langu lilikuwa fonti, yaani aina za maumbo ya herufi. Kazi iliyoandikwa kwa Calibri, ikifunguliwa katika LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, kwenye mashine isiyo na fonti hiyo, huonyeshwa kwa fonti nyingine, na ikiwa mbadala huo hauna upana uleule mistari inasogea. Kijana mmoja alichapisha kurasa zaidi ya 60, kisha akarudi jioni: «Mama, yaliyomo yanasema sura ya pili iko ukurasa wa 23, mimi naikuta 25.» Alikuwa na haki, nikamchapishia upya kwa hasara yangu. Tangu hapo nimeweka Carlito, ambayo herufi zake zina upana sawa na za Calibri, na mteja mwenye kazi ndefu ninamwomba aje na PDF. Hata hivyo, kompyuta moja nimeiacha na Windows, kwa sababu upande wa skana wa mashine yangu kubwa ya nakala haukutaka kuelewana na Linux.

Mchangiaji, Kampemba, Lubumbashi

Mimi nilirudi Windows baada ya wiki tatu, wala sioni aibu. Ninafanya uhasibu, na programu anayoitaka mwajiri wangu imeandikwa kwa ajili ya Windows pekee; nilijaribu kuipitisha kwenye Wine, ambayo huendesha programu za Windows ndani ya Linux, ikafunguka, lakini ripoti zikagoma kuchapika. Asiishi mtu kwa ubishi wakati mishahara ya wenzake inamsubiri.

Mchangiaji, Katuba, Lubumbashi

Ninayo mifumo yote miwili, Windows na Linux, kwenye diski moja. Kero yangu ni kwamba kila ninapoingia Linux, sehemu ya diski yenye mafaili ya Windows inafunguka kwa kusoma tu, siwezi kuhifadhi kitu humo. Je, diski inakufa?

Mwanzisha mada, Himbi, Goma

Hapana, yaelekea ni ile Fast Startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka: Windows huzimika nusu, ikibakiza hali yake kwenye diski, na Linux hukataa kuandika juu yake kwa tahadhari. Shikilia kitufe cha Shift unapochagua kuzima, Windows itazimika kabisa. Ukiridhika, kaizime Fast Startup yenyewe katika mipangilio ya umeme.

Mchangiaji, Katuba, Lubumbashi

Nimefanya hivyo sasa hivi. Faili limehifadhika.