Nimepigwa laki sita na nusu Arusha mjini: "mashine ya farasi" ya kunyolea manyoya, ya chaji, imeshindwa na farasi mmoja mzee

Wakuu, salamu kwenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa bado na hasira, anayeruka mistari aruke tu. Wasimamizi, nawaomba msiuhamishie jukwaa la vichekesho. Uzi wangu wa punda mliupeleka huko na nilikuwa naongea mambo ya maana.

Mimi ni mtunza farasi, saisi kama wazee walivyokuwa wakituita, upande wa Usa River. Tuna farasi saba wa kupandisha wageni, halafu kuna Babu. Babu ni poni wa kahawia, miaka ishirini na sita, hapandwi tena. Kazi yake ni kula majani na kugombana na mbuzi wa jirani. Bosi wetu mama mtu mzima, ukimgusia habari ya kumuuza Babu bora ukusanye virago vyako kabisa.

Shida ya Babu ni manyoya. Najua kuna mjuzi atauliza, farasi wa Arusha manyoya mazito kayatoa wapi? Swali zuri. Farasi huota koti na kulipukutisha kwa kufuata urefu wa mchana kuliko hata baridi yenyewe, na sisi tuko nyuzi tatu na ushee tu kusini mwa ikweta. Siku yetu ndefu na siku yetu fupi kwa mwaka hazipishani hata nusu saa. Ndiyo maana wale saba, hata Julai ile Meru ikijifunika wiki nzima na sisi tumevaa masweta mawili mawili, wanaota vinyoya kidogo basi. Babu yeye ana ugonjwa wa Cushing. Kuna tezi chini ya ubongo inaharibika uzeeni na kumwaga homoni bila mpangilio, na farasi mzee akishapata hiyo anaota manyoya marefu, yaliyojikunja, ambayo hayataki kupukutika. Daktari wa mifugo alimwanzishia kidonge cha kila siku, lakini koti lilikuwa limeshaota. Ukimchomeka kidole ubavuni kinazama mpaka kiungo cha pili, na huko ndani unakuta jasho la jana. Mwezi wa pili huu, saa saba mchana, mnyama amesimama kivulini na anahema kama amekimbizwa. Kupe wakiingia humo kuwaona ni kazi.

Miaka yote tumemnyoa kwa mkasi. Siku mbili nzima, watu wawili, na malengelenge juu. Safari hii bosi akasema nendeni mjini mkanunue mashine, iwe ya chaji, kwa sababu soketi ya karibu iko ofisini, mita kama sitini. Kuburuza waya wa umeme mita sitini halafu upite chini ya farasi mwenye kwato za chuma, hapana. Umeme unaomtetemesha mtu tu unaweza kumlaza farasi moja kwa moja.

Nikapanda Hiace mpaka mjini. Duka silitaji, sheria za hapa nazijua. Lina kioo kikubwa mbele na kijana mwenye maneno matamu ndani, inatosha.

"Mdogo wangu, natafuta mashine ya kunyolea farasi, ya chaji. Na huyu farasi manyoya yake ni mazito kama kondoo."

"Umefika mwenyewe, braza. Hii hapa, mashine ya farasi."

Boksi lina picha ya farasi mweupe anakimbia ufukweni. Kwa ushamba wangu ile picha nikaihesabu kama ushahidi.

"Betri yake je?"

"Inabeba chaji ya mAh elfu tisa na mia tisa hiyo. Farasi watatu hujachomeka chaja."

"Na bledi?"

"Nakufungia namba arobaini. Manyoya mengi, namba kubwa. Wengine nawapa kumi."

Shika hapo kwenye namba arobaini, nitarudi. Nikalipa laki sita na nusu taslimu. Nikaomba risiti, akanichania karatasi ya kitabu cha risiti, ameandika kwa mkono "mashine ya nywele 1". Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, ipo palepale juu ya kaunta, imefunikwa kitambaa kama maiti. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" tunaisikia redioni kila siku, na mimi nikatoka bila kudai. Kosa langu hilo nalikubali, msinisimange nalo huko chini.

Jumamosi tukafanya kila kitu kwa utaratibu. Babu aliogeshwa Ijumaa kwa sabuni, akakauka juani, akapigwa brashi mpaka vumbi likaisha, maana vumbi na mchanga ndiyo vinaua meno ya mashine kuliko manyoya yenyewe. Nikatia mafuta. Nikaiwasha mbali naye kwanza azoee mlio. Nikaanza begani, kinyume cha ulalo wa manyoya, bledi imelala bapa kwenye ngozi. Nimenyoa farasi tangu 2011 kwa mashine za waya za waajiri wangu wa nyuma, kwa hiyo asije mtu akaniambia sijui kushika.

Iliingia upana wa vidole viwili. Baada ya hapo mlio ukashuka kutoka ule wa nyuki kuwa wa mtu anayekoroma, na meno yakaanza kutafuna badala ya kukata. Manyoya yanavutwa, ngozi ya Babu inarukaruka, masikio yamelala nyuma. Ukiona masikio yale unajua una sekunde chache kabla ya teke. Nikarudisha mkono, nikafagia bledi kwa mswaki, nikatia mafuta tena. Dakika ya nne nikaigusisha kwenye mkono wangu wa ndani, hapa kwenye mapigo, nikairusha. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Sasa fikiria mimi ndiye ningekuwa Babu.

Dakika ya tisa taa nyekundu. Dakika ya kumi na moja, kimya. Tumepata kipara cha ukubwa wa chapati. Chaja inataka masaa matatu ndiyo ijae. Mpaka Jumapili jioni tulikuwa tumechaji mara sita na Babu ana vipara vinne visivyolingana, kimoja kina ncha kule chini kama ramani ya Afrika. Wageni wanampiga picha.

Jumatatu nikaipeleka kwa fundi simu pale Usa. Akaifungua mbele yangu. Wakuu, ndani kuna nafasi ya betri mbili. Iliyowekwa ni moja, zile za mviringo za 18650, upana milimita 18 na urefu 65. Nafasi ya pili imejazwa sponji isilie ikitikiswa. Juu ya betri kumeandikwa 9,900 mAh. Fundi akacheka. Akaniambia betri halali ya ukubwa ule haifiki hata nusu ya hapo, haijalishi imetoka kiwanda gani. Akaipima: elfu moja na mia mbili.

Halafu akanifundisha kitu ambacho duka zima halikunifundisha. mAh peke yake haikuambii kitu, lazima uzidishe na volti. Hii ni volti 3.7. Chukua 1,200 zidisha 3.7, gawa kwa elfu, unapata wati-saa nne na kitu, yaani nishati yote iliyomo kwenye betri. Mashine yenye betri ya volti 7.2 na mAh 2,500 ni wati-saa 18, mara nne ya hii yangu, ingawa mAh kwenye boksi inaonekana ndogo kuliko uongo wa boksi langu. Drili ya seremala ina volti 18, ndiyo maana inatoboa mninga. Mimi nimepewa nguvu ya tochi nikanyoe mnyama wa kilo mia tatu.

Turudi kwenye namba arobaini, maana hii ndiyo inaniuma kuliko betri. Kwa kinyozi wetu wa mtaani, namba ni ile kofia ya plastiki. Namba moja inaacha milimita tatu, namba mbili inaacha sita, ukipanda namba nywele zinabaki ndefu. Bledi za wanyama za kuchomoa na kuchomeka zinakwenda kinyume kabisa. Namba kumi inaacha milimita moja na nusu hivi. Namba thelathini, nusu milimita. Namba arobaini ni robo milimita, meno yamebanana hata sindano haipiti. Hiyo ni ya daktari wa mifugo anayesafisha ngozi kabla ya kupasua! Na hata daktari hawezi kuanza nayo juu ya koti kama la Babu. Yule kijana alichukua hesabu ya saluni akaniuzia kwenye farasi, kwa kujiamini kabisa, na mkono begani kwangu.

Halafu hata angenifungia namba kumi, bado ile siyo mashine ya mwili wa farasi. Hizi bledi za kuchomeka zina upana wa sentimita tano kasoro, ni za mbwa, na kwa farasi ni za usoni, masikioni na miguuni. Mwili wa farasi mwenye koti zito unataka bledi pana, kama sentimita saba na nusu, zinazofungwa kwa skrubu, vipande viwili, cha chini kimetulia na cha juu kinatembea. Na pembeni kuna kitasa cha kuzungusha, cha kukazia bledi. Ukilegeza sana inatafuna, ukikaza sana inachemka na kumaliza betri. Yangu haina kitasa chochote. Kwa koti nene unachukua meno yaliyoachana, yale wanayoyaita ya kukwangua nene. Yanaacha manyoya marefu kidogo na mistari, sawa, lakini yanapita. Babu hashindani urembo.

Jumanne nikarudi dukani. Kijana yule yule akanionyesha ukutani: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwambia nilikueleza kwa mdomo wangu ni farasi na ni manyoya mazito. Akasema "braza, umeizidishia kazi". Nimeizidishia kazi ya kunyoa! Nikamwonyesha sponji. Akasema fundi wangu ndiye ameiba betri ya pili. Hapo nilikaa kwenye kiti cha wateja nikanyamaza kidogo, ningeongea ningeharibu.

Kisha akapata ujasiri wa kuniletea nyingine, niongeze laki tatu. Nimeiangalia, ni mashine ya kondoo! Kichana chake kina meno marefu yaliyotawanyika kama uma, kimetengenezwa kuingia kwenye sufu yenye mafuta. Ukimpitishia farasi ngozi ya kwapani au ya kwenye mkunjo wa paja, inaingia katikati ya meno na unaichana. Nikamuuliza umewahi kumwona farasi kwa macho yako? Akasema kwenye sinema.

Kwa wanaosema nimemalizwa na lile bango: siyo kila kitu kinamalizwa na bango. Sheria ya mauzo ya bidhaa, Sura 214, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitaka na akategemea ujuzi wake, bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo. Na kubandika 9,900 juu ya 1,200 ni kudanganya mlaji, Tume ya Ushindani wapo kwa ajili ya mambo kama hayo. Nimeshaandika barua, nimeambatanisha picha ya sponji na hicho kikaratasi cha "mashine ya nywele".

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Aliyesema nimpeleke Babu saluni: umechekesha, ila juzi kinyozi wa Usa alikuja kweli na mashine yake, akaona masikio ya Babu, akasema ana mteja anamsubiri.

Mkuu uliyeuliza nitanunua ipi sasa: zipo za Heiniger za Uswisi na Lister za Uingereza. Lister wana moja inaitwa Liberty, betri unaifunga kiunoni kwa mkanda, mkono haubebi uzito wote. Hizo ni mashine za kazi hasa na bei yake inatisha, bosi akisikia atakaa chini. Yoyote mtakayoagiza, ulizeni volti za betri, kama betri ya pili inauzwa peke yake, na kama bledi zinapatikana na kunoleka hapa, maana bledi moja haimalizi misimu bila kunolewa, na kunoa wananoa vipande vyote viwili kwa pamoja. Chaja iwe ya volti 230. Jamaa yangu wa Moshi aliletewa moja kutoka Marekani, chaja ya 120 peke yake, ikalipuka siku ya kwanza hata farasi hajaiona.

Dada uliyesema ungetuazimisha ya kwenu huko Ngare Nairobi, nimekutumia ujumbe. Jumamosi nakuja na pikipiki, na mafuta ya bledi nitakuja nayo mwenyewe. Babu kwa sasa tunammwagia maji asubuhi na mchana, na vile vipara nampaka dawa ya jua. Kile cha ramani ya Afrika kimeshaanza kuota upya, kuanzia Misri.