Chozi halijafika shavuni, wameshafungulia kionjo!

KimyaKuu (mleta uzi):
Wakuu, hawa wa huduma za filamu mtandaoni wamerudia tena: filamu haijamalizika vizuri, wanakurushia kionjo, kipande cha kuitangaza nyingine. Sina haja ya kuwataja, nusu ya humu mnawalipa kila mwezi.

Saa mbili na dakika kumi mtu amekaa na hadithi. Mama yuko mlangoni, hasemi kitu, skrini inaanza kuwa nyeusi taratibu. Halafu PAAA! Picha inakunjwa inakuwa kijistempu, na skrini nzima inavamiwa na watu wanarushiana keki. KEKI! Mama wa watu amebanwa kwenye kona, ukubwa wa ukucha, analia kimyakimya huku jirani yake anapigwa keki ya uso.

Na chini saa inahesabu: 5, 4, 3... kama bomu. Ukibonyeza OK kwa kiherehere umekwisha, maana alama ya kuchagua wameitegesha juu ya keki, si juu ya mama. Kumrudisha mama lazima kwanza usogeze mshale hadi kwenye kijistempu, ndipo ubonyeze. Gizani, macho yamejaa maji. Hata mtegua mabomu hapewi masharti haya.

Ule weusi kuna mtu aliupima! Mhariri kakaa kuhesabu fremu, zile picha moja moja zinazounda filamu, 24 kwa kila sekunde. Tuseme kaamua weusi ukae fremu 72 kabla ya jina la kwanza la waliotengeneza filamu. Hawa wanaingia na keki kwenye fremu ya 10. Paukwa wameruhusu, hadithi yangu imeishia hapo wameikataa.

Mpapasa_Rimoti:
Povu lote hili kwa ajili ya majina ya waliobeba nyaya? Mkuu, oga ulale.

FundiSetingi:
Mleta uzi, usihangaike na rimoti, mara nyingi setingi hiyo kwenye runinga haipo. Ingia kwenye akaunti kwa kivinjari, fungua wasifu wako, tafuta sehemu ya uchezaji. Kuna viboksi viwili: cha kipindi kinachofuata, na cha vionjo vinavyojicheza ukiwa unaperuzi. Toa tiki zote mbili, hifadhi. Kila wasifu una vyake, ukitoa kwako wa watoto unabaki vilevile. Kisha toka na uingie upya kwenye runinga, la sivyo itang'ang'ania setingi za zamani.

KimyaKuu:
Zilitolewa zamani hizo. Zinazuia kipindi kinachofuata tu. Filamu ikiisha bado wanamkunja mama kukupendekezea nyingine. Keki, mkuu. Keki.

Desibeli:
Kinachoumiza hapo ni sauti. Filamu hupangwa kwa kupima mazungumzo, minong'ono ikaachwa chini na milipuko juu. Kionjo kimekandamizwa hadi kila kitu kiko juu. Umeongeza sauti ili umsikie mama anavyopumua, keki inakukuta palepale. Desibeli 10 zikiongezeka, sikio linaona sauti imekuwa mara mbili. Kati ya pumzi na keki zinaweza kufika 20 au 30. Na msikimbilie "hali ya usiku" mkidhani ni dawa. Keki inashuka kweli, ila mnong'ono unapandishwa unakaribiana na ukelele, filamu nzima inageuka tangazo la kipaza sauti.

Dawa ya haraka: jina la kwanza likitokea, bonyeza kitufe cha kuzima sauti KWANZA, ndipo utafute mshale.

Kibatari:
Kuna jaribio lilichapishwa 2012. Wazee walisimuliwa hadithi mbili fupi. Baada ya moja wakapumzika kimya dakika 10, baada ya nyingine wakapewa mchezo wa kutafuta tofauti kwenye picha. Siku 7 baadaye waliikumbuka zaidi ile iliyofuatiwa na kimya. Sasa mchezo toa, weka keki. Ndiyo maana watu wanatazama filamu nne wikendi, Jumatatu hawakumbuki hata jina la mhusika.

Mpapasa_Rimoti:
Kwa hiyo tukae dakika 10 tunaangalia ukuta? Hahaha. Huu uzi unahitaji daktari.

KimyaKuu:
Ukuta haurushi keki.

MiaNaIshirini:
Nyie mnalia mwisho, runinga zenu zinaharibu tangu dakika ya kwanza na mmekaa kimya. Ile setingi ya kulainisha mwendo! Filamu ina fremu 24 kwa sekunde, runinga inachora mara 60, 60 haigawanyiki kwa 24, basi inabuni fremu za katikati. Mfalme anakufa vitani anaonekana kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Vidole vikipita mbele ya kitambaa cha mistari, kingo zinayeyuka kama mafuta. Kila kampuni imeipa jina lake, ingia mipangilio ya picha utafute kitu chenye neno mwendo, weka sifuri. Runinga ya 120 haina kisingizio kabisa: kila fremu inaonyeshwa mara 5, hesabu imekwisha.

PuaMbili:
Afadhali hao. Kuna wanaokata pembeni ili picha ijae skrini. Filamu yenye upana mara 2.39 ya kimo chake ikijazwa kwenye skrini ya kawaida ya 16:9, robo ya picha imekwenda. Wapenzi wanatazamana kutoka kona mbili, wewe unabaki na pua mbili na vazi la maua katikati.

Kibatari:
Na wanaosikiliza vitabu kwa kasi ya 1.5 wakiwa wamewasha "ondoa ukimya"? Saa 9 zinakuwa 6, sawa, ila msomaji alinyamaza makusudi kabla ya kumtaja muuaji.

HerufiNjano:
Hakuna anayezungumzia manukuu, yale maandishi ya maneno chini ya picha? Mstari mmoja herufi zisizidi 42 hivi, mistari miwili basi. Wao wanabandika aya nzima, halafu inatangulia sauti. Mchekeshaji hajafungua mdomo, sebule nzima imeshacheka.

Mpapasa_Rimoti:
Hapo sasa umenigusa. Yangu yanawahi sekunde 2 kila faili.

HerufiNjano:
Kama ni faili, fungua kwa VLC, ile programu ya kuchezea video kwenye kompyuta. H inachelewesha manukuu milisekunde 50, G inayawahisha. Sekunde 2 ni H mara 40.

KimyaKuu:
Jamani, na mama wangu mlangoni?

Mpapasa_Rimoti:
Mkuu subiri, nahesabu. 31, 32...

HerufiNjano:
Unabonyeza H au G?

Mpapasa_Rimoti:
Aisee.