Mrejesho: picha zangu za gatini zilizojaa vurugu
Ndugu zangu, niliuliza kwa nini kwenye picha zangu za gatini mashua, nguzo na watu vyote vinagombania jicho. Mkaniambia nichague kitu kimoja na nisogee.

Nimeenda alfajiri tatu. Kamba iliyofungwa kwenye nguzo, taswira yake ikijikunja majini, imenipa picha ninayoipenda kuliko zote! Nilichuchumaa, nikainamisha kamera hadi upeo wa macho ukatoka kwenye fremu, na vurugu ikatoka nao. Kichujio cha polaraiza, kile kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao, nilikivua. Kilikuwa kinafuta mng'ao uleule niliokuwa nautafuta.

Kuacha shata ya kamera wazi kwa sekunde 1/4 kwenye tripodi kulilainisha maji vizuri, ila mashua zilitikisika zikatoka na ukungu. Nikarudi kwenye sekunde 1/250, fupi ya kutosha kuzigandisha.

Asanteni sana, hasa uliyesema nianze kutazama maji kabla ya mashua.