Kifundo kinachoteguka kila mara: kifaa cha kamba, plasta au mazoezi?

Beki wa Wete
Assalaam alaykum. Kifundo changu cha kulia kimeshateguka mara nne tangu msimu uliopita, kila mara kwa upande wa nje. Mwenzangu mmoja ananishauri ninunue kile kifaa kinachofungwa kwa kamba kama kiatu, mwengine anashikilia plasta. Khofu yangu ni mbio, kwani beki wa pembeni akichelewa hatua moja krosi imeshapigwa.

Mkufunzi wa netiboli, Chake Chake
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Plasta nimewafunga wasichana wangu miaka mingi, nami siidharau. Lakini baada ya nusu saa hivi ya mchezo, jasho na mwendo huwa vimeshailegeza, na ikifika robo ya tatu unaiona imejikunja kisiginoni. Kifaa cha kamba mchezaji anakikaza mwenyewe wakati wa mapumziko.

Mtaalamu wa viungo, Unguja
Kuhusu kasi, wasiwasi wako ni mkubwa kuliko jambo lenyewe. Wachezaji wanapopimwa mbio fupi, kuruka na kugeuka ghafla wakiwa wamevaa kifaa hicho, tofauti inayoonekana kwa kawaida ni ndogo mno au haipo. Unachokihisi ni ugeni wa kubanwa, kwa hiyo kivae mazoezini kwanza, usikianzie siku ya mechi. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 uliohusu wachezaji 1,460 wa mpira wa kikapu wa shule za sekondari, waliovaa kifaa cha kamba waliumia vifundo kwa kiwango cha takriban theluthi moja ya wenzao, ingawa kwa aliyeumia, jeraha halikuwa dogo zaidi.

Kiungo mstaafu, Mkoani
Mimi bado nina shaka. Mguu uliozoea kushikiliwa utajifunza lini kujishika? Sisi tulisimama kwa mguu mmoja mchangani, macho tumeyafumba, hadi kifundo kikatulia.

Mtaalamu wa viungo, Unguja
Mazoezi hayo ni mazuri, kaka, wala sikuyakataza. Hata hivyo, utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia kwa mwaka mmoja watu waliokwisha kuteguka: walioteguka tena walikuwa asilimia 15 kwa waliovaa kifaa, na asilimia 27 kwa waliofanya mazoezi ya mizani, yaani ya kujisawazisha, peke yake kwa wiki nane. Ningemwambia afanye yote mawili. Na kwa kuwa ameshateguka mara nne, akapimwe kwanza kano zake.

Beki wa Wete
Ahsanteni sana. Jana niliazima kimoja. Mbio sikuona tofauti, ila kiatu kilikataa kuingia hadi nilipoitoa soli ya ndani, na mchanga ukajaa kwenye kamba. Je, soksi hutangulia au hufuata?

Mkufunzi wa netiboli, Chake Chake
Soksi nyembamba hutangulia, kisha kifaa, kisha kiatu. Ukikivaa juu ya ngozi tupu, kamba zitakuchubua kabla ya mapumziko.