Kongamano la kwaya Bethlehem, Pennsylvania: nani anaujua mji ule?

KatibuColumbus

Habari zenu wapendwa. Mimi ni katibu wa kamati inayoandaa kongamano la mwaka la kwaya za Watanzania tulioko Marekani. Miaka yote tumekuwa tukikutania kwenye hoteli za kando ya barabara kuu. Mtu anaingia Ijumaa, anaondoka Jumapili, hajui hata alilala mji gani. Safari hii wazee wa kamati, wengi wao Wamoravian wa Mbeya na Tabora, wanataka twende Bethlehem, mji uliojengwa na Wamoravian wenyewe. Vijana wanauliza kule kuna nini zaidi ya majumba ya zamani. Tunategemea watu kama 300, watoto wakiwemo, na wageni wachache kutoka nyumbani. Naomba ushauri wa tarehe, malazi na mahali pa kuimbia. Na je, mji wenyewe unaweza kubeba watu wote hao?

MamaRungwe

Ndaga, kaka katibu. Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, nyumbani kwangu sasa ni Bethlehem, na kazi yangu ni kuhudumia mikutano na harusi hotelini. Nimefurahi sana kuona wazee wamefikiria mji huu.

Anzeni na tarehe. Mwanzoni mwa Agosti kuna Musikfest, tamasha la siku kumi hivi lililoanza 1984, na siku hizo hupati chumba wala pa kuegesha gari. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Krismasi mji unafurika tena. Kama ningekuwa kwenye kamati yenu, ningechagua mwisho wa Juni. Wanafunzi wanakuwa likizo, kwa hiyo kiulizeni mapema Chuo Kikuu cha Moravian kama kitawakodisha mabweni. Kwa familia zenye watoto wengi hiyo ndiyo nafuu.

Mto Lehigh unaugawa mji. Kaskazini ndiko kwenye mji mkongwe, Main Street na Church Street. Kusini ndiko kilikokuwa kiwanda cha chuma cha Bethlehem Steel. Matanuri yalizimwa 1995 na bado yamesimama, marefu, yana kutu, na chini yake pamejengwa jukwaa la muziki. Msing'ang'anie kuwalaza watu 300 kaskazini. Hotel Bethlehem ya 1922 ni nzuri, lakini haitawatosha na bei yake si ya mchezo. Tamasha la Jumamosi lifanyieni kusini kwenye kumbi kubwa, ibada ifanyieni kaskazini.

Ibada hiyo ndiyo ninayowaombea kwa moyo wote. Kanisa la Central Moravian lilikamilika 1806 na hadi leo ni usharika ulio hai, si ukumbi wa kukodi. Andikieni ofisi ya mchungaji sasa hivi, mkiomba kuabudu pamoja nao, na muombe karamu ya upendo. Wanaoijua ya nyumbani hawatapotea: vikapu vya mikate mitamu vinapita mstari kwa mstari, kahawa inafuata kwenye trei, watu wanaimba muda wote huo, na hakuna anayeonja mpaka kila mtu amepata na sala imesemwa. Na waambieni wanakwaya wenu kwamba ndani ya kanisa hilo, mwaka 1900, ndipo Misa ya B minor ya mtunzi Bach ilipoimbwa yote kwa mara ya kwanza Marekani. Kwaya ikisimama pale, ijue imesimama wapi.

Vijana wapelekeni God's Acre, makaburi yaliyo nyuma ya kanisa. Mawe yote yamelazwa chini kwenye nyasi, ya mtu mashuhuri na ya fundi seremala. Hawakuzikwa kwa ukoo: wanaume wana upande wao, wanawake wao, watoto wao. Humo amelala Johannes, Mmohikani, yaani mwenyeji wa asili wa Marekani, aliyefariki 1746, na wamelala pia Waafrika walioletwa utumwani. Kanisa lenyewe lilimiliki baadhi ya watumwa hao. Msiwafiche vijana jambo hilo. Mwombeni mwenyeji anayeijua historia awaonyeshe mawe yao na kuwaeleza, kisha muimbe palepale. Vijana wanaouliza kuna nini zaidi ya majumba, hapo watapata jibu.

Watoto watapenda mtambo wa maji wa 1762, kule bondeni karibu na kijito cha Monocacy. Gurudumu la maji lilisukuma maji ya chemchemi mpaka juu kilimani mjini.

KatibuColumbus

Asante sana dada, umenipa cha kuwaambia kamati. Sasa, tuna mama zetu waliopita miaka 70, wataweza kutembea? Na wageni wa kutoka nyumbani watue wapi? Nimeshaanza kuandika tangazo: "Twendeni mji walikotoka wamisionari wetu."

MtotoWaSikonge

Katibu, hilo tangazo lisitoke hivyo. Waliofika Rungwe 1891 walitumwa kutoka Herrnhut, Ujerumani. Kwetu upande wa Tabora na Sikonge, ndugu wa Christiansfeld, Denmark, wamefanya kazi miaka mingi. Bethlehem ni tawi jingine la mti huohuo; mji ulianzishwa 1741 na Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian, akaupa jina mkesha wa Krismasi ya mwaka huo. Kama mnataka neno la kuvutia watu, lipo la kweli: Julai 2024 UNESCO iliingiza Bethlehem, Herrnhut na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini kwenye Urithi wa Dunia, pamoja na Christiansfeld iliyokuwemo tangu 2015. Na hakuna nchi yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania. Mkienda, mnakwenda kama ndugu wa nyumba moja, na andikeni hivyo.

Kuhusu safari, hakuna treni ya abiria inayofika Bethlehem. Wageni watue Newark au Philadelphia, kisha basi la kukodi, zaidi ya saa moja kidogo kama barabara haina foleni. Barua za mwaliko zitoke mapema iwezekanavyo, maana miadi ya viza haingoji kamati ikubaliane.

MamaRungwe

Namuunga mkono kaka wa Sikonge kwa kila neno.

Kwa mama zetu, usiwe na wasiwasi juu ya kanisa na makaburi. Kutoka moja hadi jingine ni dakika chache, na Gemeinhaus, jumba la magogo la 1741 ambalo sasa ni makumbusho, liko hapohapo. Shida ni bondeni kwenye mtambo wa maji: kushuka ni rahisi, kupanda kunachosha magoti. Wao wapelekwe kwa gari dogo. Makumbusho hayo yaulizeni siku na saa za kufungua kabla ya kupanga ratiba, na muwaambie mnakuja wangapi. Watu 300 hawawezi kuingia kwa mkupuo, wagawanyeni kwa kwaya.

Mkishapata tarehe niandikie ujumbe wa faragha. Akina mama wa Kitanzania tulioko bonde hili tutawapikia chakula cha Jumamosi mchana, ndizi na maharage vitakuwepo. Tunachohitaji ni idadi ya watu na jiko lenye kibali, la pili hilo nitalishughulikia mwenyewe.